Waliompita Lomunokol

Habari za lori lililoshambuliwa kwenye barabara ya Kakuma zilifika shuleni Lodwar wakati wa chai, na kila aliyezileta alikuwa na namna yake. Bwana Ochola, naibu wa mwalimu mkuu, alisema wezi walikuwa wawili. Mwalimu wa hesabu akasema sita. Wiki ilipokwisha wezi walikuwa kundi zima lenye bunduki, na mmoja wao, ikasemwa, alikuwa amejilaza barabarani kama maiti ili dereva asimame. Utingo wa lori hilo alipigwa risasi akafa. Hilo lilikuwa kweli, maana jeneza lake lilipitishwa Lodwar likielekea Kitale na watu waliliona. Lakini habari ya mtu aliyejilaza, hakuna aliyejua ilianzia kwa nani.

Nawoi alisikiliza kikombe kikiwa mkononi. Alikuwa mwalimu mgeni katika shule hiyo ya sekondari, na katika chumba cha walimu ni yeye peke yake aliyezaliwa Turkana. Zamani kulikuwa na Emanikor wa Jiografia, ila yeye alikuwa amehamishiwa Kakuma. Waliobaki walitoka Siaya, Baringo, Nyeri na Kakamega, na walikuwa wema kwake. Madam Jerotich wa Kemia alimpa godoro la kulalia kabla mshahara wake wa kwanza haujatoka. Lakini walipokuwa wakisema “hawa watu,” Nawoi alijua ni watu gani, na mmoja wao akikumbuka kwamba yupo, aliharakisha kuongeza, “Si wewe, Nawoi. Wewe ni wetu.”

Naye alipenda kuwa mtu wao. Hilo hakuwahi kumwambia mama yake. Alikuwa ameacha kusema *ejok*, salamu ya kwao, akiingia pale asubuhi, akasalimia kwa Kiingereza kama wengine. Wakicheka jambo fulani kuhusu wachungaji, alicheka nao, si kwa sauti, kiasi tu cha kuonekana.

Ilikuwa Februari 2013, uchaguzi umekaribia, na woga ulikuwa umeshatanda mjini hata kabla ya mambo ya lori. Wenye maduka waliotoka “Kenya,” kama watu wa Lodwar wanavyoziita sehemu za kusini, walikuwa wakiwapandisha watoto wao basi la Kitale wakakae kwa nyanya zao mpaka kura zipite. Hakuna aliyekuwa ametishwa. Kila mmoja alimwona jirani akifunga mizigo, naye akafunga yake.

Katikati ya hayo yote, Emanikor alikuwa anaoa. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani Kakuma, na walimu wa shule yake ya zamani walikuwa wameahidi kwenda. Walimnunulia jiko la gesi na godoro kubwa la watu wawili. Baada ya habari za lori, mmoja alipata mgeni wa ghafla, mwingine akaumwa na mgongo, mwingine akakumbuka karatasi za kusahihisha. Wakabaki Bwana Ochola, ambaye alikuwa mkubwa wao na asingeweza kurudi nyuma, Madam Jerotich, Nawoi, na Mureithi, dereva wa shule.

“Sisi tuko sawa,” Bwana Ochola alisema siku ya Ijumaa, akimwonyesha Nawoi. “Tuna mwenyeji. Tukisimamishwa, ataongea na watu wake.”

Wote walicheka. Nawoi alicheka pia.

Waliondoka jua likichomoza, katika pikapu ya shule yenye viti viwili vya mbele na kiti kirefu cha nyuma. Jiko na godoro vilikuwa kwenye kichanja cha mizigo nyuma, vimefunikwa turubai la buluu. Bwana Ochola alikaa mbele na suti yake ya kijivu. Jerotich na Nawoi walikaa nyuma wamevaa magauni yao ya kwendea harusini, wamejitandia leso magotini kwa ajili ya vumbi. Ingawa joto lilianza mapema, hakuna aliyefungua dirisha.

Lami ya barabara ile ilikuwa imeliwa kiasi kwamba magari yalipita pembeni, kwenye njia za mchanga, yakikaribiana na vichaka. Mureithi aliendesha ameinamia usukani. Kila walipoona mtu, mazungumzo yalikatika. Mama aliyebeba gunia la makaa. Mzee mwenye kigoda na fimbo.

“Ile ni fimbo ama ni bunduki?” Jerotich aliuliza.

“Ni fimbo,” Nawoi alisema.

“Una hakika?”

“Ni fimbo, madam.”

Lakini mbele kidogo walimpita mvulana na mbuzi wake, na Nawoi akajikuta anamtazama mikononi. Alikuwa amekulia kando ya barabara hiyo hiyo. Baba yake, Aregae, alichunga mbuzi katika nchi kama hii, na Nawoi alilala nje na wachungaji utotoni bila kuwaza lolote. Hata hivyo alitazama mikono ya mtoto yule, akiitafutia kitu, na moyo ulimdunda mpaka walipompita. Hakujua woga huo ulimwingia saa ngapi. Asubuhi alipopanda gari hakuwa nao.

Kati ya miji hiyo miwili barabara inakatwa na malaga, mito isiyo na maji ila siku ya mvua. Walikuwa wametoka tu kwenye laga moja pana, gari likipanda ukingo, Mureithi aliposema, “Kuna mtu.”

Alikuwa amelala kando ya barabara upande wa kushoto, kichwa kikiwa kwenye kivuli cha kichaka cha miiba cha mathenge na miguu juani. Shuka yake nyekundu ilikuwa imemvuka kifuani. Gari lilipokaribia, mkono wake uliinuka, ukakaa juu kidogo, ukashuka.

Hakuna aliyesema neno. Mngurumo wa injini ukapungua, gari likawa linakwenda karibu mwendo wa mtu.

“Kuna mwingine,” Bwana Ochola akasema kwa sauti ya chini. “Nyuma ya kichaka. Amejificha. Mmemwona?”

Wote walimwona. Kitu kilikuwa kimesogea nyuma ya matawi kisha kikainama upesi. Jerotich alimshika Nawoi mkono, na kucha zake zikaingia nyamani.

Bwana Ochola aligeuka kitini. Uso wake ulikuwa umeloa jasho. “Nawoi. Hawa ni watu wako. Huu ni mtego ama si mtego?”

Nawoi alikuwa ameona zaidi ya wao. Yule wa kichakani alipoinama, rangi ilimetameta shingoni mwake, nyingi na nzito, na Nawoi aliijua kabla hajaifikiria: shanga za mwanamke aliyeolewa. Wezi wa barabarani hawatembei na wake zao. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akaziona nyuso zao, Ochola aliyegeuka, Jerotich pembeni, macho ya Mureithi kwenye kioo, zote zinamngoja. Akiwaambia wasimame na risasi zikalia, yeye ndiye atakuwa amewaua. Wakisimama na risasi zisilie, bado watajiuliza alijuaje, na kwa nini alikuwa na haraka ya kuwatetea. Njia zote mbili zilimpeleka nje ya gari lile.

“Ni mtego,” akasema. “Twende.”

Mureithi akakanyaga mafuta. Mawe yalipiga sakafu ya gari, na kichaka kikapotea katika vumbi lao.

“Nilijua,” Bwana Ochola akasema.

Jerotich akampigapiga Nawoi gotini. “Asante, mama. Mungu akubariki.”

Wakaanza kuongea wote pamoja, kwa furaha ya watu walioponea. Walisimuliana jambo ambalo wote walikuwa wameliona. Aliyejificha akawa wawili. Bwana Ochola akasema alipotazama nyuma aliona kitu kama mtutu. “Wewe uliona, Nawoi?”

“Niliona kama chuma,” Nawoi akasema.

Alikuwa amejishtua mwenyewe kwa wepesi wa uongo ule.

Kakuma walikuta harusi haijaanza. Wazee wa pande mbili walikuwa bado wanavutana juu ya ng’ombe, bibi arusi hajatoka kwao, na wanawake walikuwa wanaimba chini ya hema ili watu wasichoke. Emanikor, ndani ya suti nyeupe, aliwakumbatia mmoja mmoja. Jiko likashushwa. Bwana Ochola akapewa kiti na soda, na mara akazungukwa na wageni akiwaeleza yaliyowakuta njiani. Wenyeji walimsikiliza kwa adabu. Mzee mmoja aliuliza mtu huyo alikuwa amelala mahali gani, na alipojibiwa alitikisa kichwa.

Nawoi aliondoka taratibu, akapita nyuma ya ukuta wa kanisa, akatapika.

Alipoinuka, Jerotich alikuwa amesimama hapo na kikombe cha maji. “Ni ile barabara,” alisema. “Hata mimi bado natetemeka.”

“Alikuwa mwanamke,” Nawoi akasema.

“Nani?”

“Wa nyuma ya kichaka. Niliona shanga zake.”

Jerotich alishusha kikombe. “Sasa kwa nini ulituambia ni mtego?”

“Mlitaka niseme hivyo.”

“Mimi sikutaka.” Jerotich alisema hivyo polepole, kama mtu anayejichunguza kwanza. “Mimi niliona ule mkono. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme tusimame. Nikaona kila mtu amenyamaza, nikadhani mjinga ni mimi peke yangu. Halafu ukasema wewe, na wewe ndiye unajua.”

Wakatazamana. Upande wa pili wa ukuta wanawake walibadilisha wimbo.

Mureithi alikuwa anafuta kioo cha gari. Walipomuuliza, hakuacha kufuta. “Mimi ni dereva, madam. Naenda mahali naambiwa. Lakini si niliondoa mguu kwa mafuta? Hamkuona gari imepungua? Nilikuwa nawangoja nyinyi walimu.”

Bwana Ochola walimwita pembeni. Aliwasikiliza, na kadiri walivyoongea uso wake ulizidi kukaza. “Nilimuuliza,” akasema. “Nilimuuliza mbele yenu wote. Mnataka kunifanya mimi ndiye mbaya?”

“Hakuna anayesema hivyo,” Jerotich alisema. “Tunasema turudi.”

“Turudi? Na kama ni mtego kweli? Tufe na nguo za harusi? Hiyo ni kazi ya polisi.”

Walipita kwa polisi kwanza. Gari lao la pekee lilikuwa limekwenda upande wa Lokichoggio kusindikiza malori, na askari wa zamu hakujua litarudi saa ngapi. Walipotoka pale, Mureithi alikaa kwenye usukani. Jerotich akaingia nyuma. Nawoi akafungua mlango wa mbele, mahali pa mkubwa wao, akasema, “Nikae hapa, wanione.” Bwana Ochola alisimama juani, akatazama upande wa harusi, akawatazama wao watatu waliokwisha kaa. Akapanda. Miaka mingi baadaye angeweza kusema alifanya hivyo kwa huruma, na huenda ilikuwemo. Lakini alipanda kwa sababu wote walikuwa wamepanda.

Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Asubuhi walikuwa wakipita hatarini. Sasa walikuwa wakiifuata. Godoro la Emanikor lilikuwa bado kichanjani, walikuwa wamemwambia wanalihitaji kwa mgonjwa, naye alisema tu, “Chukueni.” Jerotich alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ukamkatikia. Nawoi alishika dashibodi kwa mikono miwili. Aliomba wamkute hai, kisha akajigundua anaomba pia wasimkute kabisa, awe ameshachukuliwa na wengine, ili wageuze gari na wasiteremke.

Alikuwepo. Alikuwa amevutwa ndani zaidi ya kivuli. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mureithi alisimamisha gari mbali kidogo bila kuzima injini. Hakuna aliyefungua mlango. Nawoi alitegemea kwamba mtu mwingine ndiye angeanza, kisha akaelewa kwamba ndivyo kila mmoja wao alivyokuwa akitegemea. Akashuka.

Mchanga ulimwunguza kupitia viatu vyake vyembamba. “*Ejok*,” akaita, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Hakujibiwa. Alitembea. Nyuma yake gia ilikwaruza na injini ikapanda juu, na mara akajua wanamwacha. Alisimama pale pale, hawezi kugeuka wala kwenda mbele, akisikia magurudumu yakisaga mawe. Kumbe Mureithi alikuwa anageuza tu gari litazame Kakuma. Lakini kile kilichompata katika muda ule mfupi, akiisikiliza injini ikiondoka, hakikumtoka tena.

Mtu yule alikuwa mwanamume wa makamo. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa umetoka, umefungwa kwa kipande cha nguo kilichokuwa kimegeuka cheusi. Nzi walikuwa wamejaa. Midomo ilikuwa imepasuka. Alifumbua macho akasema neno moja la Kiturkana, maji.

Nawoi alipiga magoti, akamnywesha kidogo kutoka chupa aliyoshuka nayo. Kisha akainua uso kuelekea vichakani na kusema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kutosha, “Mama, toka. Mimi ni Nawoi, binti wa Aregae. Hawa ni walimu. Hatuna silaha.”

Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea. Halafu mwanamke akatokea, si pale alipotazamia bali mbali zaidi, akiwa na jiwe katika kila mkono. Alikuwa mwembamba, shanga zimemjaa shingoni. Jina lake lilikuwa Akai, na aliyelala pale alikuwa mume wake, Lomunokol. Hakukaribia. Alikuwa anamtazama Bwana Ochola aliyekuwa ameshuka garini na suti yake.

“Yule ni askari?”

“Ni mwalimu.”

“Mbona anatuogopa?”

Nawoi alimnyoshea chupa ya maji. Akai akaangusha mawe ili aipokee.

Walikuwa wametoka Lodwar jana yake, Akai alieleza, juu ya lori la mizigo. Jioni lori lilidunda kwenye shimo na Lomunokol akaanguka. Akai akalipiga paa kwa ngumi mpaka dereva akapunguza mwendo, naye Akai akashuka. Lakini dereva alikataa kungoja, alisema mahali pale pana wezi. Kulipokucha Akai alisimama katikati ya barabara akipunga mikono. Gari la kwanza lilimkwepa likaongeza mwendo. La pili pia.

“Nikaona wananiogopa mimi,” alisema. “Wanaona watu wawili, wanadhani ni wengi. Nikasema nijifiche, wamwone yeye peke yake, mtu mmoja asiyeweza hata kusimama. Nikadhani kwa huyo watasimama.”

“Anasema nini?” Bwana Ochola aliuliza. Alikuwa amekaribia.

Nawoi alimtafsiria. “Anasema aliona magari yanamwogopa, ndiyo maana akajificha.”

Bwana Ochola alikitazama kichaka cha mathenge. Alikitazama kwa muda, kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Lomunokol.

Walilishusha godoro. Walikuwa wamemshika mgonjwa, Mureithi mabegani, Ochola kiunoni, Jerotich akiushikilia mguu kwa mikono iliyolowa, pale waliposikia lori kutoka upande wa laga. Wote wanne waliganda. Akai akajitupa nyuma ya kichaka. Mureithi aliinua mkono mmoja kumpungia dereva.

Lori lilitokeza, likawaona: gari limesimama, mtu amelazwa chini, wengine wamemwinamia, na mmoja anapunga. Dereva alipiga honi mfululizo, akakanyaga mafuta. Alipopita walimwona vizuri, kwa kuwa njia ni nyembamba. Alikuwa na umri wa Bwana Ochola. Macho yalikuwa yamemtoka, na utingo wake alikuwa ameinama chini ya dirisha, amejifunika kichwa kwa mikono.

Vumbi liliwafunika. Lilipotulia, Mureithi alikuwa bado ameinua mkono wake.

“Tumpandishe,” Jerotich akasema.

Hospitalini Lomunokol alipokelewa upesi. Baada ya muda daktari alitoka akasema ataishi, ila mguu huenda usiokoke. Hakusema kama kungekuwa na tofauti yoyote wangemleta mapema, na hakuna aliyemuuliza. Walikaa kwenye benchi ya korido, nguo zao za harusi zimegandwa na damu na mchanga. Akai alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliwatazama wote kwa zamu, kisha akamwambia Nawoi kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Gari lenu lilipita asubuhi. Nililijua kwa turubai.”

Nawoi alianza kukwangua damu iliyokauka kwenye gauni lake.

“Anasema nini?” Bwana Ochola aliuliza.

“Anasema asante.”

Akai alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, na asante lilikuwa mojawapo. Alimkazia macho Nawoi, maana hakuwa amelisema. Kisha akageuza uso kwenye mlango alikopitishwa mume wake.

Harusi waliikuta imefika kwenye keki. Habari zilikuwa zimewatangulia. Watu walisimama, wanawake wakapiga vigelegele, Emanikor akamwinua Bwana Ochola mkono mbele ya wote. Jumapili walirudi Lodwar katika msafara wa malori yaliyosindikizwa na polisi, na jioni Nawoi alipiga simu hospitalini.

Jumatatu, wakati wa chai, chumba cha walimu kilijaa. Bwana Ochola alisimulia, naye alikuwa msimuliaji mzuri. Alieleza joto, vumbi, vichaka vilivyokaribiana na barabara. Kisha akasema, “Tukamkuta amelala hapo, mguu umevunjika, magari yote yanampita. Tukasimama.” Hakudanganya waziwazi, alikuwa ameliacha tu lile la asubuhi, na Nawoi aliona kwamba tayari hakuwa analiona tena. Walimu walitikisa vichwa. Mwalimu mkuu alisema hicho ndicho anachowaambia wanafunzi kila siku.

“Na huyu,” Bwana Ochola akasema, akimgeukia kwa upendo wa kweli, “bila huyu tusingeweza. Aliongea nao. Alishuka wa kwanza.”

Wote walimgeukia wakitabasamu. Mwalimu wa hesabu akamsogezea sahani ya mandazi. Hicho ndicho Nawoi alichokuwa akikitafuta tangu alipofika shuleni, na sasa kilikuwa chake chote, kimewekwa mezani. Moyo ulianza kudunda kama ulivyodunda garini. 

“Tulimpita kwanza,” akasema.

“Unasema?” mwalimu mkuu aliuliza.

“Tulimpita asubuhi tukienda. Bwana Ochola aliniuliza kama ni mtego, nikasema ni mtego, na nilikuwa nimemwona mke wake. Halafu nikasema nimeona chuma. Sikuona chuma.” Aliisukuma kando sahani ya mandazi. “Mke wake alituona. Aliniambia hospitalini. Mimi nikawaambia amesema asante.”

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani, kikaacha.

“Haya mambo hayana haja ya kuletwa hapa,” Bwana Ochola akasema kwa upole, na upole huo ulimtisha Nawoi kuliko kama angefoka.

Nawoi alimtazama Jerotich. Jerotich alikuwa anaangalia ndani ya chai yake. Walimu walikuwa wanatazama meza, dirisha, saa ya ukutani, kila mmoja akimwachia mwenzake, na Nawoi akaona kwamba ukimya ule angeweza kukaa nao peke yake mpaka atakapohamishwa shule hiyo.

“Ni kweli,” Jerotich akasema. Hakuinua macho. “Tulimpita. Mimi niliona mkono wake.”

“Lakini mlirudi,” mwalimu wa hesabu alisema baada ya kitambo, kama mtu anayewaombea. “Muhimu ni kwamba mlirudi.”

“Tulirudi,” Nawoi akasema. “Jana wamemkata mguu.”

Kengele ikalia. Watu walichukua vitabu vyao upesi kuliko siku zote.

Bwana Ochola hakumsema vibaya popote, ila hakumsalimia tena muhula huo, na wawili au watatu wakamfuata katika hilo bila kuambiwa. Hakuna aliyesema tena kwamba Nawoi ni mtu wao. Wapo waliopunguza kusema “hawa watu” akiwa karibu; Nawoi hakujua kama walikuwa wamebadilika au walikuwa wanamwogopa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mahali malori ya Kakuma yanapopakia, amebeba unga, sukari na tumbaku ya kutafuna kwa ajili ya Akai na mume wake. Hakuwa amemwambia mtu shuleni. Alimkuta Jerotich amekaa juu ya jiwe, na kikapu magotini. Jerotich alisema Mureithi ndiye aliyemwambia habari za safari hiyo, na Nawoi hakuuliza Mureithi alijuaje.

“Naogopa hii barabara,” Jerotich alisema.

“Hata mimi.”

Dereva aliwaita. Walipanda juu ya magunia, wakatafuta kamba ya kushikilia, na hawakuongea mpaka mji ulipoisha.